Ng'ombe Wasiokuwemo

Watu wa magari-nyumba wanaopita kambini kwangu nawagawa mafungu mawili: wanaofika jua likiwa bado juu, na wanaofika gizani wakiwa wamenuniana. Wa kwanza huniuliza bomba la maji liko wapi. Wa pili hawaulizi kitu. Mume anarudisha gari kinyumenyume, mke yuko nyuma anapunga tochi, hakuna anayemwona mwenzake, na kabla gari halijatulia nimeshasikia maneno ambayo hata marehemu mume wangu hakuwahi kunitamkia, na yule alikuwa na mdomo. Orest na Verna walikuwa fungu la pili. Tena mabingwa.

Mimi ni Lorene, mwangalizi wa kambi hii ya Wyoming. Naegesha trela yangu bure, na badala yake nasafisha vyoo, nauza kuni na barafu, na kugombeza wenye mbwa. Kila msimu wa majani kuanguka, wazee wa kaskazini hunipitia wakikimbia theluji kwenda Arizona. Orest na Verna walikuwa wakitoka North Dakota, na huwezi kuwasahau kwa sababu Orest alifunga pembe za ng'ombe mbele ya gari lake, kubwa kama mikono ya mtu anayekumbatia mti.

Pembe zile hazikuwa urembo wa bure. Orest alibeba ng'ombe kwenye lori maisha yake yote ya kazi, na ukibeba ng'ombe husimamisimami. Ukisimama wanatulia, wakitulia mmoja atalala, akilala wenzake wanamkanyaga. Basi bwana huyo alijifunza kula huku anaendesha, kunywa kahawa huku anaendesha, na hayo mengine mimi sikuuliza. Alipostaafu akauza lori, akanunua gari-nyumba la kustarehe na mkewe. Ila ng'ombe walibaki kichwani. Verna akiingia choo cha sheli, hajakaa sawasawa, anasikia honi nje.

Na kwa kuwa mume hasimami dukani, Verna alipakia duka. Viazi vya shambani kwake gunia zima, pirogi zilizogandishwa, zile sambusa za viazi za kuchemsha, soseji, unga, jamu, chupa za achari ya matango na za viazi vyekundu, cherehani, na maboga. Lo, maboga! Yalijaa makabati, yakajaa chini ya meza, yakahamia bafuni, mpaka choo chao wenyewe kikawa hakiingiliki. Mengine yalilala kitandani. Gari likawa linayumba likipigwa na upepo, na mafuta linakunywa kama halina akili.

"Punguza mizigo, mama!" Orest alikuwa akimwambia.

"Simama dukani, nitapunguza."

"Punguza kwanza, ndiyo nitasimama."

Wakaenda hivyo miaka, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Usicheke. Nenda kaangalie kwako.

Kitu kimoja ndicho kilichowafikisha salama. Verna hakai nyuma. Anakaa kiti cha mbele, anamenyea mumewe mbegu za alizeti, anamsimulia habari za kila mtu wa kanisani kwao, nyingine anazitunga papo hapo, ilimradi Orest asisinzie. Maana mzee alikuwa ameanza kusinzia. Alikuwa hakubali, lakini alikuwa anasinzia.

Sasa siku hiyo waliondoka kwao alfajiri na mapema, kwa sababu Orest aliapa kwamba mwaka huu halali kwangu, analala Utah. Kabla ya mchana, Verna akiwa katikati ya habari ya mpiga kinanda na mke wa fundi bomba, akahisi matairi ya kulia yako kwenye kokoto. Akapiga ukelele. Orest akashtuka, akalirudisha gari barabarani.

"Upepo," akasema.

"Upepo gani? Macho yalikuwa yamefumba!"

"Nilipepesa tu."

"Orest, tusimame ulale saa moja. Nakuomba."

"Tukisimama sasa, Utah hatufiki."

"Utah inakimbilia wapi?"

Orest akaongeza mwendo. Na hapo Verna akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wanunue gari lile. Alifungua mkanda, akaenda kitandani nyuma, akavuta pazia. Akasema moyoni, sawa, jisimulie mwenyewe. Alisikia aibu kunieleza hilo, lakini alinieleza.

Walipofika sheli ya mjini kwetu, Orest alikuwa upande wa pampu anakwangua wadudu kwenye kioo. Verna alibanwa. Choo chao kimejaa maboga, afanyeje? Akashuka kwa mlango wa upande wa pili, amevaa ndala za ndani, hana koti, simu ameiacha kitandani, na kuaga hakuaga kwa sababu hawasemeshani. Alipotoka chooni, mahali pa gari palikuwa na doa la mafuta tu.

Mimi nilikuwa pale najaza mitungi ya gesi ya kambi. Nikamwona mwanamke anazungukazunguka pampu, upepo unamtoa machozi, nikamtambua.

"Verna? Orest yuko wapi?"

"Ameniacha."

Nikadhani mambo ya ndoa. "Mwache aende, shoga, wanaume wapo."

"Hapana, Lorene! Ameniacha hapa! Anadhani nimelala nyuma!"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika pampu. Ila yeye hakucheka. Akanishika mkono. "Anasinzia, Lorene. Asubuhi alishatoka barabarani. Leo hana wa kumwamsha. Mimi ndiye ninayemwamsha, na leo nilimnunia." Basi kicheko kikanikauka hapo hapo.

Tulimpigia Orest kwa simu ya sheli. Imezimwa. Akiendesha huizima, eti inamsumbua. Nikampa Verna koti langu la kazini linalonuka dawa ya choo, nikamwingiza kwenye pikapu, tukaifuata barabara ya kusini. Verna alikuwa anaangalia mitaro tu. Kila tulipokaribia mtaro alijiinua kwenye kiti, tukishaupita anashusha pumzi, halafu anaanza upya. Nikitaka kusema lolote la kumfariji naona litakuwa upuuzi, nikanyamaza, na wanaonijua wanajua mimi kunyamaza ni kazi.

Tukasikia king'ora nyuma yetu. Nikakaa pembeni. Ambulensi ikatupita, ikaenda zake kusini kwa kasi.

"Ni yeye," Verna akasema.

"Hujui."

"Ni yeye. Ifuate."

"Shoga, mbele huko hakuna mtandao mpaka milimani. Kambi yangu hii hapa, ina simu ya waya. Nampigia sherifu wa polisi, namuuliza wanaenda wapi, tunajua moja."

"Usisimame! Lorene, nakuomba, usisimame!" Akajisikia mwenyewe alivyosema, akaangusha kichwa magotini, akaanza kulia.

Nilikata kona ya kambi hata hivyo. Niliegesha mbele ya ofisi, nikaruka chini na kuubamiza mlango kama kawaida yangu, nikawa nakimbilia simu.

"Sssss!"

Nikageuka. Chini ya mti wa kwanza, mahali ambapo asubuhi palikuwa patupu, palikuwa na gari-nyumba lenye pembe za ng'ombe. Mbele ya mlango wake, kwenye kiti cha kukunja, kofia magotini na kidole mdomoni, alikaa Orest.

"Taratibu na milango, Lorene," akaninong'oneza. "Mke wangu amelala."

Nikageuza macho kwenye pikapu yangu, nikayarudisha kwake.

"Nimemchosha," akaendelea, kwa sauti ya mtu aliye kanisani. "Asubuhi tulikosana. Akaenda nyuma kulala, na yeye halali nyuma hata siku moja. Baada ya sheli nikapita kwenye ile barabara mbovu, nikasema ataamka sasa, atanitukana. Kimya. Nikamwita. Kimya. Nikajiambia, Orest, mwanamke huyu amechoka kiasi hiki, na wewe unakimbilia Utah kuna nini? Nikaona bango lako. Nikasema potelea mbali, leo nasimama, alale mpaka atosheke."

"Ukasimama," nikasema. "Mchana huu."

"Hata mimi nashangaa. Nimesinzia kidogo hapa kwenye kiti. Nimepata nafuu kweli."

"Orest, umemwona kwamba amelala?"

"Nilichungulia pazia. Amejifunika gubigubi." Akatabasamu kwa huruma, akaelekeza kichwa mlangoni. "Msikilize anavyokoroma."

Nikasikiliza. Ilikuwa friji.

Haki ya nani, sijui kama nilitaka kumkumbatia au kumpiga teke. Sikuwahi kuchagua, maana nyuma yangu mlango wa pikapu ulifunguka. Verna alikuwa ameisikia sauti ya mumewe. Akashuka, ndala zake miguuni, koti langu linamfika magotini, uso umevimba kwa kulia. Orest akamwangalia. Akageuka akaangalia mlango wa gari. Akamwangalia tena.

"Verna," akasema, bado ananong'ona, "si umelala?"

Ndala ya kwanza ilimpata begani. Ya pili ilimkosa, ikagonga pembe. Halafu Verna akamfikia, na nikajua atamng'oa masikio, lakini alimshika tu uso kwa mikono miwili, akambonyezabonyeza mashavu na kichwa na mabega kama anayekagua tikiti sokoni, kuona kama yote yapo. Yalikuwapo yote. Akamwegemea kifuani akalia kwa sauti, na safari hii kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Orest alikuwa bado hajaelewa. Alipomaliza kuelezwa, rangi ilimtoka. Akaingia ndani ya gari, nikamsikia anafunua blanketi. Akatoka amebeba boga kubwa mikononi, ameduwaa.

"Nimelilindia usingizi," akasema. "Nimemkataza hata mwenye mbwa kupita."

Verna akaanza kucheka katikati ya kilio, makamasi yanamtoka, na mimi nikaketi chini kwenye vumbi nikacheka naye. Orest hakucheka. Alikaa kwenye ngazi na boga lake mapajani, akasema polepole, "Ningeweza kufika Utah. Ningefika usiku, nikufungulie pazia, nikukute hupo." Machozi yakamshuka. "Au nisifike."

"Ulisimama," Verna akamwambia, akakaa pembeni yake. "Ndicho ninachotaka kujua. Ulisimama."

Nikaenda kumpigia sherifu. Ambulensi ilikuwa imemfuata mwindaji aliyevunjika mguu, na anaendelea vizuri, ahsante.

Hawakuondoka kesho yake, wala kesho kutwa. Orest alilala kama mtoto mchanga. Alipoamka alikuwa mtu mwingine, au tuseme alikuwa yule yule aliyeoga. Wakaanza kushusha mizigo. Kambi nzima ilikula pirogi zilizokaangwa kwa kitunguu, na soseji, na kila trela ikapata chupa ya achari na boga. Mimi nilipata maboga mawili na gunia la viazi lililokuwa halijafunguliwa. Cherehani ikabaki, maana Verna alisema kila kitu kina mpaka. Bafu likaonekana. Orest akaingia chooni mwao kwa mara ya kwanza tangu watoke kwao, akatoka anasema kuna nafasi ya kunyoosha miguu, kama dalali wa nyumba.

"Sasa nimepunguza," Verna akamwambia.

"Na mimi nilishasimama," akajibu. "Nimekutangulia."

"Weka hilo boga chini ndiyo ujisifu."

Sasa wananifikia jua likiwa kichwani. Orest ananiuliza bomba liko wapi, ingawa anajua vizuri lilipo. Wananunua mkate na mboga madukani njiani, kidogo kidogo, na akichoka anaegesha, anafumba macho, Verna anafuma soksi pembeni. Wanafika Arizona siku kadhaa baada ya wenzao, na theluji haijawahi kuwakamata. Wakikaa kwangu najua nitacheka, na kwa mjane hilo si dogo.

Asubuhi ya kuondoka huwa natoka kuwaaga. Orest huzunguka gari lote, anapiga matairi teke, anaangalia ngazi kama imekunjwa. Anapanda, anafunga mkanda. Verna yuko pale pale, kiti cha pembeni, mbegu za alizeti mkononi, bega lake linagusana na la mumewe. Orest haachii breki. Anaangalia mbele barabarani, anaita kwa sauti ya kusikika kambi nzima:

"Verna!"

Siku nyingine Verna hukawia kujibu makusudi, anamenya mbegu moja, anaitafuna, anatazama nje dirishani. Gari linanguruma tu pale, halisogei hata inchi. Orest anasubiri.

"Nipo," anasema Verna. Ndipo wanaondoka.