Omena wa Mbalamwezi

Maktaba yetu ya Kisumu ilipotangaza kwamba itatengeneza vitabu vyake vya kidijitali, nilijua cha kwanza kitakuwa na jina langu. Nani mwingine? Ni mimi niliyewasimulia watoto hadithi kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi. Kikachaguliwa cha mwenzangu, msichana aliyeajiriwa juzi, aliyekulia Kericho kwenye majani chai. Tena kaandika juu ya omena, dagaa wa ziwa letu. Mimi binti wa mvuvi nikapokonywa hata samaki wangu.

Sitajisafisha: nilimwonea wivu hadi chai ya saa nne haikushuka. Aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe, na bado akawa mpole. Siku moja akaniwekea tableti mezani.

"Madam, nisomee hii kabla tuirushe mtandaoni. Wewe ndio unajua ziwa."

Ukurasa wa sita, wavuvi walikuwa wanavua omena chini ya mwezi mpevu. Picha nzuri, nzuri ya kuudhi. Lakini omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukijaa samaki hawaifuati taa, na mashua hubaki ufuoni. Kwetu kila mtoto anajua, maana siku hizo mboga ni sukuma tupu.

"Iko sawa," nikamwambia, nikamrudishia.

Siku ya uzinduzi tulialika akina mama wanaouza omena. Kurasa zikaonyeshwa ukutani. Wa sita ulipofika, mama mmoja wa mtaa wa Obunga akainuka.

"Aliandika hii ni nani? Omena na mwezi full? Huyo mvuvi atarudi na maji tu."

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka kuwapita.

Mwenzangu akaomba radhi, akavuta kompyuta, akafuta mwezi, akachora taa, akabadilisha sentensi mbili. Dakika chache, wote wakitazama. Ndio urahisi wa vitabu hivi. Akina mama wakampigia makofi mengi kuliko mwanzo.

Walipokwenda kunywa soda, aliniita kwenye kompyuta. Alikuwa amefungua ukurasa wa mwisho, aliouongeza baada ya mimi kusoma. Chini ya jina lake palikuwa na langu: Mhariri.

"Ulijua," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Akaelekeza kidole kwenye jina langu.

"Basi hii nayo niache ama nifute?"

Nililitazama jina langu, limeandikwa vizuri, kwenye kitabu cha kwanza cha maktaba yetu. Nikamwambia afute.