Mtoto Ambaye Theluji ya Paa Haikumwamsha

Kwa miezi kumi na minane Marketta Ylitalo hakugundua kwamba mtoto aliyekuwa akimsifu kuliko wote hakuwa akimsikia. Alimvalisha, alimlisha, alimlaza na kumwamsha kila siku ya kazi. Jambo hili hulisema mwenyewe, bila kuulizwa, na hupenda kulisema mwanzoni, kabla kahawa haijamiminwa, ili anayemsikiliza aamue kama ataendelea kuketi.

Saa sita na nusu mchana. Kipimajoto cha ukutani kinaonyesha nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Kwenye baraza ya nyuma ya kituo cha watoto cha Pajukangas, kaskazini mashariki mwa Ufini, ambako kwa desturi ya huko watoto hulala usingizi wa mchana hata wakati wa baridi, vigari tisa vya kusukuma vimepangwa mstari mmoja, na ndani ya kila kigari mtoto amezama katika mfuko wa sufu hadi kidevuni. Marketta, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anapita kigari baada ya kigari. Anavua glovu, anaingiza vidole viwili shingoni mwa mtoto, anaitikia kwa kichwa, anasogea.

"Pua ikiwa baridi si neno," ananong'ona. "Mimi nauliza shingo."

Kazi hii ameifanya kwa miaka thelathini na minne. Mshahara wake ni euro 2,400 kwa mwezi kabla ya kodi. Viungo vya vidole gumba vyake vimevimba kwa kufunga zipu za wengine. Anakadiria kwamba amelaza watoto mia nne hivi kwenye baraza hii, na anasema anaweza kuwataja wote, ila mmoja ndiye anayemjia bila kuitwa.

Helka Keränen aliletwa kituoni mwezi Agosti, akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alikuja na maneno matatu: mama, maziwa, na mlio wake wa kumwita mbwa. Kufikia Krismasi mlio wa mbwa ulikuwa umepotea. Kufikia Pasaka maziwa nayo yalikuwa yamepotea. Watu huyahesabu maneno ya mtoto yanapoingia. Hakuna aliyeyahesabu yakitoka.

Si kwamba hakupendwa. Tatizo lilikuwa kwamba kila kitu alichofanya kilipendeza. Huko Pajukangas mtu mkimya hadhaniwi kuwa na kasoro. Wanaume wawili wanaweza kubadilisha tairi la trekta kwa saa nzima wakasemezana mara mbili, nao wakaachana wakiona wamezungumza vya kutosha. Babu yake Helka, kwa simulizi ya familia yenyewe, hakutamka neno hadi alipotimiza miaka minne, na neno lenyewe lilikuwa kulalamikia viazi.

Halafu kuna kadi za picha. Ukuta mzima wa kituo umepambwa nazo: viatu, sahani, choo, kigari. Mlezi hunyanyua kadi na kusema jambo lililochorwa. Helka alikuwa hodari wa kadi.

"Ukishika kadi ya viatu, yeye ameshakaa sakafuni amenyoosha miguu," anasema Marketta. "Wenzake bado wanagombania kijiko. Nikawa nawaambia, jamani, mwigeni Helka."

Mwezi Machi, Helka alipotimiza miaka miwili, kliniki ya watoto ilileta fomu. Swali la sita liliuliza kama mtoto anaelewa na kufuata maagizo ya maneno. Marketta aliweka alama kwenye "ndiyo". Pembeni, kwa sababu alikuwa na fahari, akaongeza kwa kalamu: *Hata kabla sijamaliza kusema.*

Nakala ya fomu hiyo iko kwenye droo ya jikoni kwake, chini ya taulo za vyombo. Anaitoa, anailaza mezani, anaiacha hapo muda wote wa mazungumzo.

Muuguzi wa kliniki alisoma alama ile akaridhika. Vipimo vya siku ya pili tangu kuzaliwa vilikuwa vimeonyesha kwamba Helka anasikia, na kweli siku hiyo alikuwa akisikia. Baadaye ilijulikana kwamba mama yake alipata kirusi wakati wa ujauzito bila hata kuumwa kichwa, na kwamba kirusi hicho huweza kuyala masikio ya mtoto polepole, mwezi hadi mwezi, baada ya kila mtu kuacha kupima.

Miezi kumi na mmoja ikapita.

Ilikuwa Jumanne ya Februari, baridi imelegea ghafla na barafu imeanza kuyeyuka. Watoto wanane walikuwa wamelala barazani. Theluji yote ya upande wa kaskazini wa paa la mabati iliachia kwa pamoja, ikaangukia pipa la chuma na rundo la sleji, vibao vya watoto vya kutelezea kwenye theluji, zilizokuwa uani. Netta Hurskainen, mlezi mwenzake aliyekuwa na miaka ishirini na sita, anasema kishindo kilimfanya amwage kahawa kifuani mwake akiwa ndani.

Walitoka mbio. Hakuna aliyeumia. Watoto saba walikuwa wakilia kwa pamoja. Wa nane alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mashavu mekundu.

"Mwone huyu," Netta alisema akicheka kwa hofu iliyokuwa ikimtoka. "Huyu hata bomu halimwamshi. Natamani kuwa Helka."

Marketta naye alicheka. Kisha, anasema, akamtazama tena yule wa nane.

Aliwaacha wale saba kwa Netta, akaingia jikoni, akachukua mfuniko wa sufuria ya supu na mwiko. Alisimama nyuma ya kigari, mahali ambapo kivuli chake hakiwezi kumfikia mtoto, akapiga. Wale saba wakaanza upya kulia. Akapiga tena.

"Marketta, umerukwa na akili?" Netta alipaza sauti.

"Nyamaza kidogo, mwenzangu. Nyamaza."

Akapiga mara ya tatu. Kisha akauweka mfuniko chini, akanyoosha kidole, akamgusa Helka shavuni, kama alivyokuwa akimwamsha kila siku kwa miezi kumi na minane. Helka akafumbua macho papo hapo na kutabasamu.

"Nilikuwa nikijivunia kidole hiki," anasema Marketta, akikitazama. "Nilidhani ni upole."

Jioni ile mama yake Helka, Jonna, karani wa duka la dawa, alipokuja kumchukua mtoto, Marketta alimsubiri kwenye chumba cha kuvulia viatu.

"Jonna, umewahi kumwita akiwa amekupa mgongo?"

Jonna alikuwa akitafuta glovu ya pili. "Babu yake naye alianza kusema akiwa na miaka minne."

"Sikuulizi habari za babu yake."

"Nina haraka, Marketta."

"Mwite sasa. Ameelekea dirishani. Mwite."

Jonna aliita mara moja kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa sauti kubwa, mara ya tatu kwa sauti ambayo watu wa pale hawaitumii mbele ya wengine. Helka aliendelea kuchora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba anaelewa," Jonna alisema hatimaye. "Nilikuuliza. Nilikuambia mimi sina uhakika, wewe uko naye mchana kutwa. Ukaandika ndiyo."

"Niliandika."

"Ukaongeza na maneno yako pembeni."

"Niliongeza."

Daktari wa masikio katika hospitali ya rufaa aliomba mlezi wa mtoto naye afike, kwa kuwa ndiye aliyekuwa naye saa nyingi zaidi akiwa macho. Walisafiri pamoja katika gari la Jonna. Kwa saa tatu hakuna aliyesema neno, na safari hii ukimya haukuwa adabu.

Daktari Pelttari, mwanamke mwenye sauti ya chini, hakupamba maneno. Aliwaeleza kwamba ubongo wa mtoto mchanga haujengwi kwanza ukasubiri kutumiwa. Hujengwa kwa kutumiwa. Njia zinazopitiwa kila siku huimarika, zisizopitiwa huachwa. Sehemu iliyotengwa kwa ajili ya sauti, isipoletewa sauti, haikai bure. Hupewa kazi nyingine.

"Kwa Helka, macho yameanza kuhamia humo," alisema. "Ndiyo maana alikuwa mwepesi wa kadi. Hakuwa akiwadanganya. Alikuwa akifanya kazi maradufu kwa kile kimoja alichokuwa nacho."

Marketta aliuliza swali alilokuwa amelibeba njia nzima. "Miezi kumi na mmoja ni mingi?"

"Kwangu mimi na wewe, hapana. Katika umri wake, ni mingi."

"Itarudi?"

"Haitarudi. Tutatafuta inayofuata."

Mwezi Juni, akiwa na miaka mitatu na miezi mitatu, Helka alifanyiwa upasuaji na kuwekewa vifaa vya kusikia ndani ya masikio yote mawili. Siku vilipowashwa alilia kwa saa mbili. Daktari alikuwa ameonya pia kwamba vifaa vinaleta sauti, havileti lugha, na kwamba wakati ubongo wake unajifunza kuzipa sauti maana, lugha ya alama ingemwokoa asikae tena mtupu. Ubongo, alisema, haujali lugha inapitia mlango gani, masikio au mikono, mradi ifike kila siku kutoka kwa watu wanaomtazama na kumjibu.

Familia ilipewa mwalimu wa nyumbani. Walezi wa kituo hawakuwemo katika hesabu hiyo. Marketta akajiandikisha mwenyewe, kwa euro 180, katika darasa la Alhamisi jioni kwenye mji ulio umbali wa kilomita tisini. Mwalimu, Reijo Tuisku, kiziwi tangu kuzaliwa, alimwandikia kwenye karatasi: *Kwa nini umekuja?* Marketta akaandika sababu yake yote, mistari minane. Mwalimu akasoma, akaandika chini yake: *Wengi huja kwa sababu hiyo. Wachache hurudi wiki ya pili.*

Alirudi. Amerudi kwa majira mawili ya baridi.

"Mikono yake inazungumza kama mtu anayefukuza nyuki," Netta anasema, naye amejifunza nusu ya alama hizo kwa kumtazama.

"Wewe subiri ufike sitini, tutaona nyuki wako," Marketta anamjibu bila kugeuka.

Anakiri kwamba ni vigumu. Alama anayoisoma Alhamisi huwa imefutika Jumapili. Helka huishika kwa kuiona mara mbili. Mtoto akiona Marketta amekosea, humshika kidole gumba kilichovimba, hukikunja mahali panapostahili, kisha hupumua kwa nguvu kama bibi aliyechoshwa na wajukuu.

Hata hivyo, anayetafuta habari njema hapa atazipata kwa kipimo kidogo. Helka sasa ana miaka minne na miezi kumi. Vipimo vya Novemba vilionyesha kwamba katika lugha ya alama yuko sawa na mtoto wa miaka mitatu, na katika maneno ya kusikia, sawa na wa miaka miwili. Wenzake wamefika kwenye hadithi za "ingekuwa" na "siku moja". Yeye akikosa kueleweka huuma. Mkono wa Netta una kovu.

Jambo linalomsumbua Marketta zaidi ni dirisha. Baba yake Helka, Tuomo, huendesha mashine ya kukata miti msituni. Huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Kila Jumatatu Helka huvuta kiti hadi dirisha la kituo na kukaa hapo hadi jioni. Hapigi kelele. Anajua baba ameondoka, na hakuna aliyeweza kumfikishia kwamba atarudi, kwa sababu bado hana mahali pa kuiweka kesho, sembuse Ijumaa.

"Wenzake walijifunza kesho bila mtu kuwafundisha," anasema Marketta. "Waliisikia mara elfu moja wakiwa wanakula uji. Kesho tutakwenda, kesho nitakununulia. Helka hakuisikia hata mara moja kwa muda ule wote. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikiisema."

Jonna hazungumzi naye sana. Wanaelezana kuhusu betri za vifaa, kofia, dawa ya ngozi. Aliulizwa kama amemsamehe mlezi wa mwanawe.

"Sijamsamehe, wala sijasema sitamsamehe," alijibu. "Jumamosi na Jumapili nilikuwa naye mimi. Nikianza kumhukumu Marketta, lazima nipitie kwangu kwanza."

Kuanzia majira ya kuchipua mwaka huu Marketta alikuwa amepanga kufanya kazi nusu siku na kuanza kupokea sehemu ya pensheni yake. Ameghairi. Anataka kubaki siku nzima hadi Helka atakapoingia shule, miaka miwili na nusu kutoka sasa, na mpango wake kwa majira haya ya baridi ni mmoja tu: Ijumaa. Kila Jumatatu asubuhi huketi sakafuni mbele ya kiti cha dirishani na kusema kwa mikono na kwa mdomo: baba, lala, lala, lala, lala, baba. Kila lala ni usiku mmoja hadi Ijumaa. Amefanya hivyo kwa wiki kumi na nne. Kwa wiki kumi na tatu Helka alimtazama hadi mwisho, kisha akageukia kioo.

Jumatatu iliyopita alikaa dirishani hadi saa tano asubuhi. Kisha alishuka, akarudisha kiti mezani, akaenda kuchora. Marketta hasemi kwamba mtoto ameelewa. "Fomu moja niliyoijaza kwa haraka inanitosha," anasema.

Saa nane mchana. Kule barazani watoto wanaamshwa. Marketta anasimama nyuma ya kigari cha kwanza, mikono mgongoni, umbali wa hatua mbili.

"Aatos," anasema kwa sauti ya kawaida, na anasubiri.

Mfuko wa sufu unajikunyata. Jicho moja linafunguka. Marketta anaandika kitu katika daftari dogo na kusogea kwenye kigari cha pili.

Tangu theluji ile ianguke, Marketta Ylitalo hamgusi mtoto aliyelala kabla hajamwita kwa jina.