Vyumba vya Rugenge Vinavyokua Ndani ya Simu

Sakafu ya saruji bado inachuruzika maji wakati Evariste Kashindi anapochuchumaa kwenye kona ya chumba, mgongo ukutani, simu usawa wa kiuno. Ni saa mbili asubuhi, mtaa wa Rugenge, Uvira. Jua linaingia mlangoni, linayapiga yale maji aliyoyamwaga makusudi, na chumba kilichokuwa kama sanduku kinaanza kung'aa kama sebule ya mkubwa fulani.

"Toka kwenye mwanga, mama," anamwambia mwenye nyumba, Mama Sabine. "Kivuli inakula nafasi."

Kitanda kimetolewa uani. Pazia limefungwa fundo. Ndani vimebaki viti viwili vya mbao na kimeza, vyote mali ya Evariste, ambavyo hubeba begani nyumba hadi nyumba. Ni viti vya watoto wa shule ya chekechea. Lakini jicho la mtu likiona kiti kwenye picha, linafikiri ni kiti cha mtu mzima. Basi chumba kinakua chenyewe.

Hii ndiyo kazi yake, mwaka wa nne sasa. Makomisioneri, wale wanaowatafutia watu nyumba za kupanga, humwita apige picha, kisha wao huzituma kwa walioko Bujumbura, Bukavu au juu milimani. Nyumba moja inampa dola tatu. Kuna wiki anapiga nyumba nne, kuna wiki anashinda na njaa.

Zamani alipiga picha za ubatizo na harusi. "Simu ikaingia kila mfuko," anasema, "na kamera yangu ikabaki mzigo."

Alikuwa na nyumba yake mtaa wa Kavimvira, kando ya ziwa, nyumba ya bati thelathini. Ziwa lilipopanda, lilianza uani, likaja mlangoni, likalala chini ya kitanda. Wakubwa wa serikali walikuja na mabuti ya mpira, wakahesabu nyumba zilizozama, wakapigwa picha, wakapanda magari yao. Mpaka leo hakuna msaada uliofika.

"Waliandika jina langu mara tatu," anasema Evariste. "Mara ya tatu nikawauliza: jina langu ni muhogo? Mbona munalipanda kila mwaka na haliote?"

Akahamia chumba cha kupanga Rugenge na mkewe, Laurette. Humo Laurette akaugua, na hospitalini akafa. Desturi inataka marehemu aletwe kwake, alale ndani usiku wa mwisho, wanawake wakikesha kando yake. Jeneza likafika mlangoni, likashindwa kukata kona ya korido. Mtu mmoja akasema lisimamishwe. Kaka wa marehemu akakataa: "Dada yetu hatumsimamishi kama kabati."

Laurette akalala nje chini ya turubai. Mvua ikanyesha hadi asubuhi.

Evariste hasimulii hayo kwa machozi. Anasimulia kwa hasira. "Hivi vyumba vilijengwa kukiwa na wakubwa, wenye mihuri na ofisi. Aliyeweka muhuri hajawahi kupitisha hata godoro kwenye mlango kama ule."

Hata hivyo aliendelea kuvipanua kwa picha vyumba vya namna ile ile. "Njaa haina haya. Nilijiambia, minye siuzi nyumba, nauza mwanga."

Asubuhi hii komisioneri Bienvenu amezipokea picha na kuzituma papo hapo. Kabla chai haijapoa, jibu limefika. Ni sauti ya Nyiramahoro, mwanamke wa Rurambo, kijiji cha juu milimani, aliyepanda kilimani kutafuta mtandao. Baba mkwe wake, mzee Sebagenzi, amepooza, na anatakiwa kukaa karibu na hospitali. Atashushwa kwa ngobyi, machela ya kusuka ambayo wanaume wa milimani hubeba mabegani. Ni safari ya siku mbili.

"Papa Bienvenu, nimepima na viti vya kwenye picha," sauti inasema. "Ukuta kwa ukuta ni viti nane. Mlango ni viti viwili. Ngobyi ya mzee inapita vizuri. Kesho tunashuka. Mungu akubariki."

Bienvenu anapiga makofi. Evariste anaviangalia viti vyake.

"Huyu mama amepima na viti vyangu."

"Apime na nini? Na pua yako?"

"Bienvenu, ni viti ya watoto! Mlango haufiki hata mita moja. Mugonjwa atabaki inje."

"Atazoea. Uvira yote imezoea. Ao ngojea wakubwa wako wakusukumie ukuta."

Evariste anampa Mama Sabine simu, anakikalia kiti kimoja mlangoni, magoti yanamfika kidevuni.

"Piga, mama. Mlango uonekane."

"Papa Evariste, uko kama chura!" Mama Sabine anacheka, anapiga. Kicheko kinamkauka anapoona Evariste anaituma picha kwa namba ya Nyiramahoro, aliyoisoma kwenye simu ya Bienvenu, kisha anarekodi sauti: "Mama, minye ndiye mupiga picha. Viti ni vya watoto wa miaka ine. Pima na magoti yangu. Musishuke kwanza."

"Umenifukuzia mupangaji!" Mama Sabine anapiga kelele.

Bienvenu anawasha pikipiki. "Kuanzia leo usinijue. Enda upige picha za mawe."

Nusu saa inapita. Nyiramahoro anajibu kwa sauti ya chini: "Nimekuona, papa. Asante. Lakini mzee hana wiki ya kungoja. Iko ingine?"

Evariste anatembea mpaka alasiri. Anaipata kwa Mama Bénédicte, muuza mahindi: ghala tupu lenye mlango wa mabawa mawili, wa kupitishia magunia. Kuta nyeusi, dirisha moja. Hamwagi maji. Analala chali kwenye vumbi la kizingiti, mikono ubavuni kama mgonjwa kwenye ngobyi, na kumwomba mwenye ghala apige.

"Inuka, unaniletea mikosi!" anasema Mama Bénédicte, lakini anapiga.

Jibu la Nyiramahoro linakuja jioni. "Iko mbaya sana. Lakini tunaingia."

Wanaume wanane wataondoka Rurambo kesho. Makomisioneri wengine tayari wamesikia. Wawili wamemfutia Evariste kazi za wiki hii. Anasema atatafuta wenye nyumba mwenyewe, na kila picha itakuwa na mtu mzima amesimama ndani. Kama kuna atakayekubali, hajui.

Anachojua ni keshokutwa. Atatembea hadi njia ya milimani inapokutana na barabara, kwa kuwa wabebaji hawajui mtaa.

"Wakubwa nimewangoja ya kutosha," anasema. "Nataka ule mzee aingie ndani akiwa angali anasalimia watu."