Upande wa Kushoto wa Kichwa

Dada yangu mkubwa anasuka nywele mtaani Gatina, kwenye chumba cha chini cha ploti ya ghorofa, jirani na duka la gesi. Yeye na mwenzake, mama mmoja aliyetoka kando ya ziwa, husuka kichwa kimoja pamoja ili mteja asikae kutwa nzima. Dada alikuwa wa kushoto, mwenzake wa kulia, wanakutana utosini. Hawakuwahi kubadilishana. Kila msusi ana namna yake ya kukaza, na mikono ikichanganyika upande mmoja, mteja ataiona kwenye kioo.

Mwaka jana chanuo lilianza kumponyoka dada mkononi. Alidai vidole vimekufa ganzi, akaukung'uta mkono kama mtu anayekausha maji, kisha akaendelea kusuka.

"Hiyo ni baridi imekuingia," mwenzake akasema.

Wasusi wengi wanaamini hivyo. Ncha za rasta huchovywa kwenye maji moto zisifumuke, na anayenawa maji baridi baada ya hapo anajitafutia ugonjwa wa mifupa. Kwa hiyo dada akaacha kabisa kunawa akiwa kazini. Akachana kipande cha leso, akakifunga kwenye kifundo cha mkono na kukikaza vizuri, baridi isipande.

"Inapitia wapi hiyo baridi?" nikamuuliza.

"Wewe na maswali yako ya chuo. Inapitia ngozini."

"Na mbona mwenzako haimwingii? Si maji ni yale yale?"

"Mimi nina damu moto, uliza mzee wangu," mwenzake akanijibu, na mteja akacheka hadi wakamwambia atulize kichwa.

Nilichokuwa nacho ni mashaka tu. Nikamwomba dada anionyeshe vidole vyenye ganzi. Kilikuwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kidole kidogo kilikuwa kizima. Nikashangaa ni baridi gani hiyo inayochagua vidole. Tena Jumapili, akishinda kanisani bila kusuka, mkono ulitulia.

Mimi naishi Kibera, na kliniki iliyo karibu nami ina mtaalamu wa viungo. Nilimsihi dada aje, akakataa.

"Wataniambia niache kazi. Nikiacha, wewe utanilishia watoto?"

Hilo ndilo lililomtisha kuliko maumivu. Hajui kazi nyingine, na mkono huo ndio wanaoufuata wateja kutoka steji ya 46 hadi pale.

Alikubali siku jagi la maji moto lilipomtoka mkononi. Lilipasukia sakafuni, nyuma tu ya kiti cha mteja. Hakuna aliyeungua. Dada aliketi akautazama mkono wake, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

Kliniki tulipokewa na huyo mtaalamu, msichana mwenye viatu vya michezo. "Sasa? Mkono gani?" Akamwambia dada akutanishe migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, akae hivyo. Muda si mrefu dada akasema sindano zimeanza. Yule mtaalamu akaeleza kuwa kifundoni kuna njia nyembamba, na mshipa wa fahamu wa vidole vile hupita humo pamoja na kano. Ukikunja kifundo na kubana vidole siku nzima, kano huvimba, mshipa unabanwa.

"Na hiki kitambaa?"

"Cha kuzuia baridi."

"Mama, kinazidi kubana palepale panapobanwa." Akakifungua. Kiliacha alama kama ya kamba.

Akaminya nyama iliyo chini ya kidole gumba, akaridhika kuwa haijanywea. Ingekuwa imenywea, alisema, angempeleka kwa daktari wa upasuaji. Akampa kishikizo cha kulala nacho, kinachonyoosha kifundo bila kukibana. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Hakika kamili sina. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, mrudi tutafute zaidi."

Jibu hilo lilinifanya nimwamini.

"Sasa niache kazi?" dada akauliza, sauti ikiwa chini.

"Kwanza nionyeshe unavyosuka."

Dada akanikalisha kwenye kiti kifupi kama cha kazini kwake, akakamata nywele zangu fupi, akaeleza kuwa yeye husuka upande wa kushoto tu. Mtaalamu akatazama, kisha akasema kiti changu kiko chini mno, na kwa kuwa dada husimama upande mmoja daima, kifundo chake hukunjika vilevile kila siku. Inueni kiti. Badilishaneni upande. Pumzikeni kabla ya ganzi, msiingojee.

Mwenzake aliposikia alishika kiuno. "Mimi niende kushoto? Nitasuka kama mtu amelala!"

Walikubaliana kubadilishana kila kichwa kipya, si katikati ya kichwa. Mwanzo ulikuwa mbaya. Mteja mmoja alijigeuza kwenye kioo, akauliza, "Huu upande umesukwa na nani? Umelegea kama sketi ya kuazima." Wakafumua, wakarudia, huku wakilaumiana kwa kicheko.

Ganzi imepungua. Ncha ya kidole cha shahada bado haijarudi sawasawa, wala sijui kama ni kishikizo kilichosaidia, au kiti, au kutupa kile kitambaa. Dada hajali. Kunawa maji baridi bado hanawi.

Jumamosi moja nilimkuta na mteja aliyetaka rasta nyembamba sana, zikamilike siku hiyo hiyo kwa ajili ya harusi. Zamani dada angesema ndiyo kabla mteja hajamaliza kueleza. Sasa akaufunga na kuufungua mkono wake taratibu, akiupima.

"Nyembamba hivyo, leo sitaweza. Nikusuke za wastani, ama tuanze leo tumalize kesho."

Mteja akasonya, akachukua mkoba wake, akaondoka. Mwenzake akamsindikiza kwa macho hadi nje. Dada akavuta kiti, akakaa, akauweka mkono pajani ukiwa umenyooka, akangoja mteja mwingine.