Nyumba ya Saruji Ambamo Bibi Alikataa Kulala

Nyumba ya bibi yangu ilinuka moshi, mkojo wa ng'ombe na ndizi mbivu za kutengenezea mbege, pombe yetu, na ukitoka humo asubuhi wenzako shuleni walijua ulikolala. Ilikuwa nyumba ya nyasi, ya mviringo, huku juu Kibosho, katikati ya migomba. Ng'ombe alilala upande mmoja, bibi na mimi upande wa pili, moto katikati. Sikuona dhiki yoyote. Dhiki niliiona baba alipojenga nyumba ya saruji hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwa bibi, yenye mabati na madirisha ya vioo. Kahawa ilikuwa inalipa, na kila mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, pale kijijini alikuwa anaezua nyasi na kupandisha bati. Hapo ndipo shida ya bibi ilipoanzia. Nyasi za kuezekea zilitoka tambarare, wanawake wakizipandisha mlima kichwani, na kuezeka kulitaka wanaume kumi na mtungi wa mbege. Watu walipokwisha kupata bati, nani angejisumbua tena? Paa la bibi likaachwa lioze.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la pili, na sikusoma zaidi ya la nne, lakini haya nayakumbuka kuliko waliosoma. Mvua za vuli ziliwahi. Maji yalidondoka mpaka kitandani, tukawa tunahamisha godoro la majani huku na huku, na bibi akashikwa na kikohozi kisichoachia. Baba aliogopa kwamba atakufa. Aliogopa pia watu watakavyosema, kwamba mwenye nyumba ya saruji amemwacha mama yake anyeshewe akiwa ndani. Alimsihi siku tatu. Siku ya nne bibi akakubali, akavuka ua na blanketi lake begani.

Mama yangu alikuwa ameisugua sakafu kwa dawa nyekundu mpaka unajiona, na makochi ameyatandika vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono. Bibi akaketi ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na karani. Akanywa chai, akainuka kwenda kumwangalia ng'ombe wake. Nami nikachukua kitambaa nikafuta pale alipokuwa ameketi. Hakuna aliyenituma. Mama alifuta hivyo kila siku tukishainuka, na mimi niliionea fahari nyumba yetu. Kumbe bibi bado alikuwa mlangoni. Alinitazama nikifuta mpaka nikamaliza. Kisha akarudi, akachukua blanketi lake, akatoka.

Baba hakunichapa, na ingekuwa nafuu kama angenichapa. Kesho yake alikata isale, jani ambalo kwetu ukimpelekea mtu kuomba msamaha hana ruhusa ya kulikataa, akanipa nilibebe, tukaenda wote wawili. Bibi akalipokea, akanishika kichwa.

"Basi mama, turudi nyumbani," baba akasema.

"Nyumbani ni hapa. Hili ni jani la msamaha, na mtoto nimemsamehe. Jani la kuhama hujaleta."

"Utakufa humu kwa ukaidi wako."

"Nitakufa kwa paa, mwanangu. Ukaidi hauvuji."

Baba alitoka akapanda juu ya banda la kahawa, akaanza kung'oa mabati, moja moja, mama akimwuliza kutoka chini kama amerukwa na akili. Aliyalaza juu ya nyasi za bibi, akayakaza kwa waya na mawe, na ile nyumba ikawa kama kikongwe aliyevaa kofia ya askari. Lakini haikuvuja. Kahawa iliyokwisha kukauka ikabaki haina pa kulala, kwa hiyo magunia yakaingizwa sebuleni, yakapangwa juu ya makochi mpaka usawa wa dirisha, yakimwaga vumbi wiki nzima na nyingine, na hakuna aliyeyafuatia na kitambaa. Bibi alipona. Kila akipita pale dirishani alichungulia na kusema, "Kahawa hamjambo?" Mama alinuna. Bibi aliishi chini ya yale mabati miaka mingine minne, nami nililala naye mpaka mwisho.

Sasa bibi ni mimi. Watoto wangu wamenijengea nyumba ya vigae, ninaishi ndani yake, na funguo ninazo mwenyewe. Najisifu, kwa sababu huku kwetu si wengi wanaoweza kusema hivyo. Ghorofa zimejaa migombani, zinafungwa Januari na kufunguliwa Desemba, mwenyewe yuko Dar au Nairobi, na mama yake analala nyuma, kwenye jiko la mbao. Jirani yangu ni mmoja wa akina mama hao. Krismasi iliyopita mwanawe alipokuja nilimfuata. Alinipa shikamoo yake vizuri, ni mtoto mwenye adabu, akanivutia kiti, akaniambia, "Mama, sisi tumembembeleza mpaka tumechoka. Hataki kuingia."

Sikubishana naye. Nilimwuliza kitu kimoja, "Siku alipoingia, mlimfanya nini?"

Niliona anakumbuka kweli. Mkewe ndiye aliyejibu, kwa upole tu. "Hatukumfanya kitu, mama. Tulimwomba avue viatu, kwa ajili ya vigae."

Yule mama miguu imemvimba, na kuinama hawezi.