Kitita cha Posa na Gari la Mwirigi

Miongoni mwa Wameru wa Oxon Hill, huko Maryland, Marekani, hakuna aliyeshikilia mila kama Mwirigi, na hakuna ambaye zilimponza kama yeye. Alikuwa mkaidi, lakini mwenye roho safi. Kila alfajiri aliendesha Toyota yake kuukuu hadi Columbia, kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwavisha. Tangu mkewe afariki, alimlea binti yake Abigail kwa kazi hiyo. Saa zile hapakuwa na basi la kumfikisha huko. Bila gari, hakuna kazi.

Mwaka 2006 Boniface, mwanafunzi wa chuo huko Annandale, alikuja nyumbani kumposa Abigail. Kijana wa Nkubu kabisa, kulekule Meru, mwenye adabu zake. Mwirigi alifurahi mpaka akasahau yuko nchi gani. Akiwa mezani akatangaza kwamba posa bila kitita cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba si posa. Yeye mwenyewe alimpelekea mkwewe kitita kama hicho.

"Lakini mzee, huku miraa ni kesi," Boniface akasema. "Hawa watu wanaihesabu kama drugs."

"Kwani nimekwambia uitangaze? Chukua gari langu, hilo lako litakulaza njiani. Tafuta, hata ikiwa kavu."

Akampa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

Polisi walimsimamisha kijana kwa sababu ya taa ya nyuma, taa ambayo Mwirigi alikuwa akiahidi kuibadilisha tangu Pasaka. Kitita kikaonekana. Boniface akawekwa ndani, gari likavutwa hadi yadi ya polisi kuwa kielelezo. Na mtoto wa watu, alipoulizwa, akasema miraa ni yake peke yake, mzee hajui lolote.

Mwirigi akaanza kuomba lifti kwa watu wa kanisani. Mwanzoni walimvumilia, kisha simu zikawa hazipokelewi. Kazini akapewa onyo la mwisho. Jumapili alikwenda kusimama nje ya ua wa yadi ile, akalitazama gari lake limekalia magurudumu yasiyo na upepo, nyasi zikiota chini yake. Alilia, mtu mzima yule.

Wakili akamweleza kwamba gari linaweza kuachiliwa kwa muda wakati kesi ikiendelea, mradi asiliuze na alirudishe likihitajika. Lakini lazima aape mbele ya hakimu kwamba hakujua gari lilikwenda kubeba nini.

"Na nikisema mimi ndiye niliyemtuma?"

"Gari hulioni tena, na wewe unamfuata ndani."

Jioni alimweleza Abigail. Binti alisikia Kimeru na Kiswahili vizuri, ila majibu yake yalikuwa ya Kiingereza siku zote.

"I was right there at the table, Dad."

"Nikikosa kazi tutakula nini?"

Abigail akachukua sahani yake, akaenda jikoni.

Mahakamani Mwirigi aliinua mkono akaapa. Boniface alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwake, amevaa sare ya mahabusu. "Sikujua," Mwirigi akasema. "Kijana alifanya mambo yake." Boniface akainamisha kichwa, kwa heshima ileile aliyokuja nayo kuposa. Mwirigi aliona aibu, na bado hakulifuta neno lake.

Gari likatoka. Kesi ilipokwisha, Boniface akafukuzwa nchini, masomo yake yakaishia hapo. Gari likabaki la Mwirigi moja kwa moja.

Asubuhi moja ya theluji alimkuta Abigail kwenye kituo cha basi, mabega yamejaa weupe. Akasimamisha gari, akamfungulia mlango.

"Ingia, mama, utaganda."

"I'll wait for the bus, Dad."

Akamngojea hapo, mlango wazi, theluji ikiingia hadi kwenye kiti. Basi likaja. Abigail akapanda, akaketi dirisha la upande wa pili.