Gunia la Arusi Yangu

Mpaka wa Kavimvira ulipofungwa, mama yangu aliacha kuwa mwenye mashine ya kusaga, akawa serikali. Hakuna aliyempigia kura. Mazutu, yale mafuta ya injini, ilikuwa ikitoka ng'ambo, na ilipoacha kutoka, mashine nyingine za mtaa wetu wa Kasenga zilizimika moja baada ya nyingine. Ya mama tu ndiyo iliyoendelea kunguruma, na watu hawakuuliza kwa nini.

Kuiwasha injini ile kulikula mazutu nyingi kuliko kusaga kwenyewe. Kwa hiyo mama akatoa amri: mashine itawashwa mara moja tu kwa siku, kila mwanamke atamwaga humo beseni lake la muhogo mkavu, na unga utagawanywa sawa kwa sawa.

"Minye siwezi changanya muhogo yangu na ya ule," alisema jirani yetu mshona nguo, akimwonyesha mwenzake kwa mdomo. "Ya kwake iko nyeusi."

"Basi, twanga," mama akamjibu.

Hakutwanga.

Siku ya kwanza unga ulitoka mweupe. Lakini wanawake wa mtaa wetu si wajinga. Kama utarudishiwa unga wa wote, muhogo wako mzuri unaupelekea nini? Kila mmoja akaficha mweupe nyumbani, akaleta ule wenye ukungu, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyegundua ujanja huo. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tunakula bugali wa rangi ya saruji. Wote walilalamika, tena kwa uchungu wa kweli. Mshona nguo aliwapita wote.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Jumamosi nilikuwa naolewa. Wakwe zangu ni watu wa mtaa wa Rugenge, na mama mkwe alikuwa ameshaniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba kwao arusi hukumbukwa kwa bugali. Muhogo wa arusi ulikuwa stoo, gunia zima, mweupe, nilioumenya na kuuanika mwenyewe. Nilimwomba mama ausage peke yake.

"Mazutu ya kuwasha mara mbili itatoka wapi?"

"Mama, minye ni binti yako."

"Weye uko binti yangu. Ule iko mushonaji. Mashini haijue."

Nililia. Mama alinisubiri nimalize, kisha akanituma kuchota maji.

Alhamisi jioni, wanawake wakiwa wanabeba unga wao wa kijivu, alisimama mlangoni.

"Kesho gunia ya binti yangu itaingia pamoja na muhogo yenu," akasema. "Jumamosi mutakuja kula na bakwe. Batataka kujua muhogo ya Kasenga iko namna gani."

Akaingia ndani.

Ijumaa mabeseni yalikuja meupe hata yakaumiza macho. Mshona nguo alikuwa amefunika la kwake kwa kitenge kipya. Hakuna aliyeuliza muhogo huo ulikuwa wapi wiki nzima, na mimi nilishukuru.

Mama alimwaga gunia letu mwisho, vumbi likiwa limetanda. Nilikuwa nimesimama karibu na mdomo wa mashine, nikauona. Haukuwa muhogo wangu. Ulikuwa mweusi kama dari la jiko, mbaya kuliko wote ulioletwa wiki ile. Nikamtazama mama. Yeye alikuwa anatazama mkanda wa mashine. Mabeseni yalikuwa mengi, yakalimeza gunia lile, na unga ukatoka mweupe.

Watu walipoondoka nilimwuliza muhogo wangu uko wapi. Akanieleza bila haraka. Kule Kavimvira kulikuwa na mtu amekwama na lori lake, tangi limejaa, tumbo tupu.

"Wiki yote umesikia mashini ikinguruma," akasema. "Ile ilikuwa muhogo yako."

Nilikasirika sana. Nilikasirika usiku ule, nikakasirika wakati wa kusukwa, na kanisani nilikuwa bado nimekasirika, ingawa watu walidhani ni haya.

Kwenye karamu mama mkwe alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, akameza. Akasema bugali mweupe hivi hajaula tangu mpaka ufungwe. Kisha akauliza muhogo huo umetoka shamba la nani.

Mshona nguo akainamia sahani yake.

"Iko ya sisi wote," mama akasema, akamwongezea samaki.